Tembe, Bati na Risasi: Historia ya Rangi Katika Nyumba za Ugogo

Zuzu iko upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo ambako mvua ni haba, upepo ni mwingi, na vumbi ni mgeni asiyebisha hodi. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka mjini kuelekea pande hizo aliweza kuona, kwa mwendo mfupi tu, vizazi vitatu vya nyumba vikikaa pamoja: tembe ya udongo, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati, na nyumba ya saruji ya siku hizi. Wanafunzi wetu hufundishwa kuziangalia nyumba hizo kama ngazi ya maendeleo, ya kwanza ikiwa chini na ya mwisho ikiwa juu. Fundisho hilo lina ukweli wake. Hata hivyo liko jambo moja ambalo ngazi hiyo haionyeshi, nalo ni kile kilichopakwa juu ya kuta, milango na madirisha.

Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi rangi ya mafuta ilivyoingia katika nyanda za kati, jinsi madini ya risasi yalivyojificha ndani yake, na kwa nini mwananchi anayeishi katika nyumba ya zamani hana budi kuipima rangi yake kabla ya kuikwangua. Nitaeleza pia kosa nililolitenda mimi mwenyewe nyumbani kwangu, kwani si haki kumwonya jirani huku nikificha la kwangu.

Neno lenyewe

Yafaa tuanze na neno. Mtu wa kawaida akisikia risasi hufikiri kitu kitokacho katika mdomo wa bunduki. Lakini risasi ni jina la madini kwanza. Kile cha bunduki kiliitwa hivyo kwa sababu kiliundwa kwa madini hayo. Tumelipokea neno hili kutoka Kiarabu, ambako nako lina maana hizo mbili. Wavuvi wa pwani waliijua risasi kwa upande wake wa amani: ndiyo waliyoifanya chubwi, ile timazi iuvutayo mshipi na wavu kwenda chini majini. Ni madini mazito, laini, yasiyopata kutu kwa urahisi, na huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, joto ambalo moto wa makaa hulifikia bila taabu. Kwa sifa hizo binadamu aliipenda tangu kale, na kwa sifa hizo hizo ikamdhuru.

Neno hili limetupotosha mahali pamoja. Kalamu tunayowapa watoto wa darasa la kwanza twaiita kalamu ya risasi, ilhali ndani yake hamna risasi hata chembe. Kile kijiti cheusi ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Wazungu wa zamani walipoichimba grafiti waliidhania kuwa aina ya risasi, na kosa lao likasafiri pamoja na jina. Cha ajabu ni kwamba katika kalamu za zamani, kama risasi ilikuwapo, ilikuwa nje, katika ile rangi ya njano au nyekundu iliyopakwa mti wake, mahali ambapo mtoto huuma akifikiri hesabu. Nalo wanja, pambo la macho ya mama zetu na watoto wachanga, wataalamu wamelipima katika nchi nyingi wakakuta kwamba baadhi yake ni mawe ya risasi yaliyosagwa. Hivyo risasi si mgeni kwetu; tumeishi nayo bila kuijua sura yake.

Ugogo risasi ilipita katika bunduki za misafara. Katika karne ya 19 njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii, na watawala wa Kigogo waliwatoza wapitaji hongo kwa ajili ya maji na chakula. Lakini risasi hiyo ilikuwa ya kufyatuliwa. Hapana aliyeipaka ukutani mwake.

Nyumba isiyopakwa rangi

Tembe ya Mgogo ilikuwa nyumba ya busara. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliieleza katika maandishi yake, na wengine waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Ilikuwa fupi, yenye kuta za miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo, na paa la bapa la nguzo, fito na udongo juu yake. Vyumba viliuzunguka ua ambamo mifugo ililala salama. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570 hivi, paa la udongo lilitosha. Na katika nchi ya jua kali, ukuta mnene ulihifadhi ubaridi mchana na joto usiku. Ukuta ulipopasuka, mama mwenye nyumba alichota udongo hatua chache kutoka mlangoni, akaukanda kwa maji na samadi, akaukandika upya kwa kiganja chake.

Bibi mmoja wa Zuzu, ambaye nilimwamkia kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” akafurahi na kunikaribisha kigoda, aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema: “Mwanangu, mtoto akilamba ukuta wa tembe, amelamba shamba lake.” Maana yake ni kwamba ukuta na shamba ni udongo mmoja, na hakuna kilichoongezwa na mfanyabiashara.

Hata hivyo tusiigeuze tembe kuwa pepo. Udongo una minyoo, na mtoto aulaye huugua. Katika nyufa za kuta na sakafu za tembe walijificha papasi, waletao homa ya papasi, ugonjwa uliowatesa watu wa nyanda za kati kwa vizazi vingi. Moshi ulikaa ndani, na mwanga ulikuwa mchache. Waliowahimiza wananchi kujenga nyumba zenye madirisha, sakafu ngumu na bati hawakukosea. Nasema tu kwamba katika makosa yote ya tembe, sumu ya risasi haikuwamo. Hiyo ilikuja kwa garimoshi.

Reli na kopo la rangi

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli zilikuja stesheni, maghala, nyumba za maofisa, madaraja ya chuma, na mahitaji ya kuvilinda vitu hivyo na jua, mvua na mchwa. Ndipo rangi ya mafuta ilipoingia bara kwa wingi.

Ili tuelewe kisa hiki, hatuna budi kujua rangi ya mafuta ya enzi hizo iliundwaje. Fundi alihitaji mafuta yakaukayo, aghalabu ya mbegu za kitani, na unga wa kutia rangi. Kwa rangi nyeupe unga uliosifiwa kuliko zote duniani ulikuwa unga mweupe wa risasi. Ulifunika vizuri, ulikauka upesi, na ulihimili mvua miaka mingi. Kwa chuma ulikuwapo unga mwekundu wa risasi, uliopakwa kwanza ili kuzuia kutu. Madaraja na mabehewa ya dunia nzima yalivishwa nguo hiyo ya ndani kabla ya kuvishwa ya nje. Kwa rangi ya njano iliyokoza ulitumika mchanganyiko wa risasi na kromiamu, na njano hiyo ikichanganywa na buluu ilizaa kijani cha milango. Kwa hiyo katika makopo ya wakati ule risasi haikuwa takataka iliyoingia kwa bahati mbaya. Ilikuwa ndiyo rangi yenyewe, na fundi aliyeitumia alijiona ametumia mali bora.

Waingereza waliorithi nchi hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea na desturi hiyo hiyo. Na Mwafrika aliyefanya kazi relini au bomani aliiona milango ile iking'aa, akatamani siku moja mlango wake ung'ae vivyo hivyo. Hapana ubaya katika tamaa hiyo. Ubaya ulikuwa katika elimu ambayo haikuandamana na kopo.

Waliojua mapema

Je, madhara ya risasi yalijulikana wakati huo? Yalijulikana. Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye alikuwa mpiga chapa na kuijua risasi kwa kazi yake, aliandika barua mwaka 1786 akieleza jinsi ilivyowadhuru mafundi walioishika. Huko Brisbane, katika jimbo la Queensland nchini Australia, madaktari walianza miaka ya 1890 kuwaona watoto wenye maumivu makali ya tumbo, viungo vilivyopooza na macho yaliyoharibika. Mwaka 1904 daktari mmoja wa macho, J. Lockhart Gibson, alitangaza chanzo: rangi ya baraza na vizuizi vya mbao vya nyumba zao wenyewe. Jua la huko liliigeuza rangi kuwa unga, watoto wakaushika kwa mikono, kisha wakatia mikono vinywani. Msomaji wa Dodoma asisahau neno hilo, jua. Kwa maana jua la Brisbane na jua la Ugogo ni ndugu.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano huko Geneva ya kuzuia unga mweupe wa risasi usitumiwe kupaka ndani ya majengo, ingawa yalikuwa na vighairi vyake. Mwaka 1922 Queensland ilipiga marufuku kwa sheria rangi ya risasi mahali ambapo watoto huweza kuifikia. Uingereza ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1926 ililenga kuwalinda mafundi wapakaji, bali haikumfikiria mtoto anayeishi katika nyumba iliyopakwa. Tazama basi mwenendo wa miaka hiyo. Katika mwaka ule ule wa 1922 ambapo Queensland ilikuwa ikiwakinga watoto wake, Umoja wa Mataifa ya zamani, wenye makao yake Geneva, ulithibitisha udhamini wa Waingereza juu ya Tanganyika. Dhamana ya nchi ilisafiri kutoka Geneva hadi kwetu. Maarifa ya risasi, yaliyokuwa Geneva hiyo hiyo mwaka mmoja kabla, yalichelewa njiani kwa muda wa maisha ya mtu.

Marekani yenyewe, pamoja na elimu yake yote, iliikataza rangi ya risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1978 tu. Walioipinga sheria walikuwa na viwanda na fedha. Waliodhurika walikuwa watoto wasiojua kusema.

Baada ya uhuru

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwakusanya wananchi wa Ugogo katika vijiji, na wito wa kujenga nyumba bora ukaenea. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Matofali yalichomwa, mabati yakasafirishwa kwa reli, na watu wengi waliozaliwa katika tembe walilala kwa mara ya kwanza chini ya bati.

Hapa lipo jambo ambalo mwanafunzi wa historia apaswa kulitazama kwa makini. Mwananchi wa kijijini hakuwa na fedha za kuipaka rangi nyumba nzima. Kuta alizipaka chokaa, au alikandika udongo mweupe, au aliziacha matofali wazi. Rangi ya mafuta ilikuwa ghali, kwa hiyo alinunua kopo moja dogo akapaka mlango, fremu za madirisha na nondo zake. Matokeo yake ni kwamba sumu, pale ilipokuwapo, haikutawanyika. Ilikusanyika katika sehemu chache zishikwazo zaidi na mikono, zisuguanazo kila zinapofunguliwa na kufungwa, na ambazo ziko kimo cha mtoto anayejifunza kusimama. Umaskini uliipunguza sumu ukutani, ukaiweka dirishani.

Yatupasa pia kusahihisha kosa moja la fikra. Katika nchi za Magharibi mtu akitaka kujua kama nyumba yake ni ya hatari huuliza ilijengwa mwaka gani. Mmarekani akiambiwa ni ya baada ya 1978, hupumua. Sisi hatuwezi kulitumia swali hilo. Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi wa kimataifa wa rangi zilizokuwa zikiuzwa madukani katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, na sehemu kubwa ya rangi za mafuta zilizopimwa ilikutwa na risasi kupita kiasi, ilhali rangi za maji kwa kawaida zilikuwa salama. Chini ya uongozi wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, nchi nyingi zimehimizwa kuweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi, yaani miligramu 90 katika kilo moja. Hilo ni jambo jema kwa rangi ya kesho. Lakini sheria haikwangui rangi ya jana. Kwa hiyo kwetu sisi nyumba ya zamani si ile ya Mjerumani peke yake. Hata nyumba iliyopakwa miaka ya 1990, au baadaye, yaweza kuwa na siri hiyo. Umri wa nyumba hauihukumu wala hauiachi huru; kipimo ndicho kihukumucho.

Nyumba yangu Zuzu

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itahamia Dodoma, nami nikiwa mtumishi wake nilihama. Nilinunua huko Zuzu nyumba ya matofali ya kuchoma, ambayo wenyeji walisema ilijengwa katika miaka ya 1970. Nilipenda madirisha yake ya mbao. Yalikuwa meupe kwa juu; palipobanduka palionekana kijani, na chini ya kijani njano kama ya ua la alizeti. Nikasema moyoni kwamba nimenunua historia.

Mwaka uliofuata nilimwita fundi auburudishe mlango wa sebuleni. Alikuja na msasa, akasugua siku mbili mpaka mti ukawa wazi. Vumbi lilitanda kama ukungu. Tulilifagia kwa ufagio mkavu, likapanda na kutua tena juu ya viti, vyombo na mikeka. Hapana aliyetuonya, wala sikuuliza. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa akitambaa wakati huo. Baadaye aliposimama alipenda kushika fremu ya dirisha, na mara nyingi tulimkuta na kipande cha rangi mdomoni. Bibi yake alimtoa kwa kidole, tukacheka. Ilisemwa na wengi baadaye kwamba vipande hivyo vina ladha ya utamu. Ndiyo maana mtoto huvirudia.

Aliyetuzindua ni jirani yetu, mwalimu wa kemia. Alikuja jioni moja, akamkuta fundi amepanga msasa wake tayari kwa madirisha. Akanambia kwa adabu: “Mzee, samahani. Kabla fundi hajaanza, hebu tupime kwanza.” Fundi alijibu kwamba yeye amekwangua rangi miaka ishirini na hajafa. Mwalimu akamjibu: “Fundi, mimi nakuogopea wewe kama ninavyomwogopea mtoto. Sumu hii haiui kwa siku moja.” Fundi akanyamaza, akakusanya vyombo vyake.

Tulipima. Ukuta wa chokaa haukuwa na kitu. Madirisha na mlango vilikuwa na risasi nyingi, kupita kikomo kile mara nyingi sana. Tulimpeleka mtoto hospitali, akatolewa damu, nasi tukangoja majibu. Nimeandika mashairi mengi juu ya subira. Siku zile nilijua kwamba nilikuwa sijaijua. Majibu yalionyesha risasi katika damu yake, kupita mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa. Hakuhitaji dawa, alihitaji kutengwa na chanzo na kuangaliwa tena. Kiasi kile kimeendelea kushuka. Lakini wataalamu wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kile kilichokwisha kupita katika ubongo hakiandikwi katika karatasi ya majibu. Ataanza shule karibuni. Akisahau herufi nitajiuliza kama ni utoto, au ni ule mlango. Hilo ndilo deni langu.

Kwa nini mtoto hasa

Mwili hauna kazi yoyote kwa risasi. Huichukua kwa makosa, ukiidhania kuwa kalsiamu, na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Tumbo la mtoto mdogo huifyonza mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima, na ubongo wake ungali unajengwa. Madhara yake ni upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, na zaidi ya yote uzito wa kujifunza na ukosefu wa utulivu darasani. Mara nyingi haina dalili ya wazi. Mama mjamzito huweza kumrithisha mtoto risasi iliyolala mifupani mwake. Na mtoto mwenye njaa, aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalsiamu, huifyonza zaidi. Kwa hiyo maziwa, mboga za majani na chakula cha kutosha ni ngao, ingawa si tiba. Walimu wakumbuke hili kabla ya kumwita mwanafunzi mzembe au mjinga.

Jinsi ya kupima

Njia za kupima ni tatu. Ya kwanza ni kijiti chenye dawa, ambacho hupakwa juu ya rangi iliyochanjwa mpaka matabaka yote yaonekane. Dawa ikibadilika rangi, risasi ipo. Ni njia ya haraka, lakini huweza kudanganya, hasa kama tabaka la chini halikufikiwa. Ya pili ni chombo cha mkononi kitumiacho miali ya eksirei, kisomacho risasi pasipo kuharibu ukuta. Ni sahihi, ila ni ghali na huhitaji mtaalamu.

Ya tatu ni maabara, nayo ndiyo hakimu wa mwisho. Nchi yetu si maskini wa maabara. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina historia inayoanzia mwaka 1895, katika enzi ya Wajerumani. Yaani maabara ilitangulia Reli ya Kati. Mpimaji huulowesha kwanza mahali pa kuchukua sampuli kwa maji kidogo ili vumbi lisiruke. Hukata kwa kisu kikali kipande cha rangi chenye matabaka yote mpaka kwenye mti, bila kuchukua mti mwingi. Hukitia katika mfuko safi wa plastiki, akaandika juu yake mahali kilipotoka: mlango wa sebule, dirisha la mashariki, nondo. Kila mahali huwa na mfuko wake, kwa maana dirisha moja laweza kuwa na hatia na jingine lisiwe nayo. Kisha hufuta pale kwa kitambaa kibichi na kunawa mikono. Maabara hukipima uzito kipande hicho, hukiyeyusha katika asidi, na kuisoma risasi kwa chombo kitambuacho madini kwa mwanga wake.

Majibu yakiwa mabaya, mtu asikimbilie msasa. Rangi ngumu isiyobanduka yaweza kuachwa na kufunikwa kwa rangi mpya salama, isipokuwa mahali pasuguanapo. Inayobanduka iondolewe ikiwa imeloweshwa, watoto na wajawazito wakiwa mbali, turubai la plastiki likiwa limetandikwa chini, na fundi akiwa amevaa barakoa ifaayo. Asiichome kwa moto, kwani moshi wake ni sumu. Mabaki yasitupwe shambani wala jalalani ambako kuku huchakura, na sakafu ifutwe kwa maji, isifagiliwe kavu. Nasi wa Dodoma tuongeze sharti moja. Nchi hii ya kiu huyakinga maji ya mvua kutoka paani. Bati lililopakwa rangi ya zamani isiyojulikana lipimwe kwanza, kabla maji yake hayajaingia pipani.

Hitimisho

Tembe haikuwa na sumu hii kwa sababu aliyeijenga alijua kila kitu kilichomo ndani yake. Alikijua kichaka kilichotoa fito na shimo lililotoa udongo. Tulipoanza kununua nyumba zetu kwa makopo, tulipata mwanga, uimara na uzuri, lakini tulipoteza ujuzi huo. Sikusudii kusema turudi katika tembe. Nasema kwamba aliyeacha udongo wake na kuchukua kopo la mwenzake hana budi kujua kilichomo koponi, na kipimo ndiyo njia ya kuurudisha ule ujuzi wa bibi wa Zuzu katika nyumba ya bati. Kwa wanafunzi wangu nauacha ubeti huu mmoja, waukariri watakapomwona fundi na msasa:

Ukuta una tabaka, kila moja na zamani,
Juu nyeupe yang'aka, sumu iko chini chini,
Usikwangue haraka, vumbi huruka puani,
Pima kwanza kwa hakika, ndipo ushike burashi.